Sura ya Saba: Baiskeli ya Ukubwani

Anayerudi kwenye baiskeli akiwa na miaka 55 au 60 huwa tayari ana baiskeli kichwani kabla hajafika dukani. Kwa watu wa Mbinga na wa mwambao wa Ziwa Nyasa, mara nyingi ni Phoenix nyeusi ya magurudumu ya inchi 28, au Avon, au Hero, au Raleigh ya baba yenye kengele na taa ya dainamo. Aliipanda kwenda shule, akaibebea kahawa hadi chama cha ushirika, pengine akamchukua mchumba kwenye keria. Halafu zikaja pikipiki, bodaboda zikajaa kila njia panda, na baiskeli ikaegemezwa nyuma ya jiko mpaka mnyororo ukashikana kwa kutu. Sasa amestaafu. Kiinua mgongo kimeingia, daktari amemwambia aushughulishe mwili, na nauli ya bodaboda ya kila siku imeanza kumuuma. Anaingia dukani na kuuliza: "Phoenix mnazo?"

Zipo, na ni baiskeli ngumu kweli kweli. Lakini aliyeipenda alikuwa na miaka 22, na magoti yake hayakuwa yakimwambia kitu. Ukubwani baiskeli huchaguliwa kwa vitu viwili: mlima wa kurudia nyumbani, na mguu unaovuka fremu. Jina lililoandikwa kwenye bomba linakuja mwisho, na rangi baada ya hapo.

Anza na njia

Kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 hivi za lami, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 2020. Mbinga iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na uso wa ziwa uko kwenye mita 475 hivi. Anayeteremka anaachia zaidi ya mita 700 za kimo. Anayepanda analazimika kuzirudisha zote kwa miguu yake. Katikati hapo kuna baridi ya Umatengo na joto la Unyasa, kuna kahawa na kuna mihogo. Tangu Wilaya ya Nyasa ilipomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, hata kwenye karatasi za serikali ni wilaya mbili. Kwa mwendesha baiskeli zilikuwa mbili siku zote.

Ni wachache watakaokwenda kilomita zote hizo kwa pedeli. Safari za kila siku ni fupi: shambani, kanisani, sokoni, zahanati, kwenye mkutano wa ushirika, kumwona mjukuu. Chukua karatasi uandike mambo manne kuhusu safari unayoifanya mara nyingi zaidi. Ni kilomita ngapi? Mlima wake mkali kuliko yote uko wapi, na unaupanda ukiwa mzima au ukiwa umechoka? Chini kuna nini: lami, kokoto, mchanga, au udongo mwekundu unaonata? Na unabeba nini?

Majibu ya hapa kwetu huangukia makundi matatu. La kwanza ni watu wa mjini na wa kando ya lami, ya kwenda Songea au ya kwenda Mbamba Bay. Njia ni laini, milima ni mirefu, na magari yanakwenda kasi. La pili ni Umatengo wa vijijini, Litembo na Maguu na kwingineko, ambako wakulima wamelima miteremko kwa ngoro, yale mashimo yanayozuia mvua isichukue udongo. Mlima ambao watu wake wamelazimika kuubunia kilimo cha namna yake hautamhurumia mwenye baiskeli. Njia kati ya mashamba ni nyembamba na kali, na kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili zinateleza. La tatu ni mwambao: Mbamba Bay, Liuli, Lituhi na vijiji vya kati yake. Huko kuna mwendo wa tambarare, kuna vilima vya mawe vinavyoshuka hadi majini, na kuna mchanga unaomeza tairi jembamba.

Watu watatu wa rika moja, wenye fedha sawa, wakikaa katika sehemu hizo tatu, wanahitaji baiskeli tatu tofauti. Muuzaji hatawaambia hivyo kama ana aina moja tu stoo.

Hesabu ya meno

Katika baiskeli, kinachomtenganisha mzee anayefika na anayekata tamaa ni idadi ya meno mbele na nyuma. Inahesabika kwa kidole, palepale dukani.

Chukua baiskeli nyeusi ya gia moja yenye meno 48 mbele na 20 nyuma. Pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma linazunguka mara 2.4. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja linakwenda mita 2.2 na kidogo, kwa hiyo kila mzunguko wa pedeli unakusogeza zaidi ya mita 5. Kwenye tambarare za mwambao hiyo ni raha tupu: unakanyaga taratibu, baiskeli inateleza.

Sasa ipeleke kwenye mlima unaopanda mita 6 kwa kila mita 100, ambao kwa Umatengo si mlima wa kusimulia. Wewe, baiskeli na kikapu kwa pamoja mna kilo 90. Ukizungusha pedeli mara 50 kwa dakika, mwendo mzuri kwa mtu mzima, unapaswa kutoa zaidi ya wati 230. Kijana anayefanya mazoezi anaziweza kwa muda. Wengi wetu, baada ya miaka ishirini ya kukaa kwenye kiti, tunadumu kwa wati 100 hivi. Unaweza kupunguza mwendo, lakini uzito wa kila kanyagio haupungui, na anayeulipia ni goti.

Baiskeli ya gia, ile inayoitwa ya milimani, ikiwekwa kwenye meno 28 mbele na 28 nyuma, inakwenda mita 2 hivi kwa kila mzunguko. Mlima ni uleule na mizunguko ni 50 ileile, ila sasa unatoa wati 90 na mguu unasukuma kwa nguvu isiyofika nusu ya ile ya kwanza. Utakwenda kilomita 6 kwa saa, haraka kidogo kuliko mtu atembeaye. Watoto wa shule watakupita wakicheka. Utafika juu ukiwa umeketi na pumzi ingalipo, na kesho utarudi tena.

Usihadaike na baiskeli iliyoandikwa gia 21. Nyingi kati ya hizo gia zinarudiana. Uliza moja tu, ile nyepesi kuliko zote: meno machache kabisa ya mbele, meno mengi kabisa ya nyuma. Namba hizo mbili zikikaribia kulingana, baiskeli hiyo inapanda.

Baiskeli za mtumba kutoka Japani, zenye kikapu mbele na fremu iliyoinama, nyingi zina gia moja, na baadhi zina tatu zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Hizo za gia tatu zinawafaa sana watu wa mjini. Gia ya chini huwapeleka kama mita 3 kwa mzunguko, na kwa kuwa mtambo uko ndani, tope haliugusi. Zikiharibika, lakini, si kila fundi wa kijijini anathubutu kuzifungua.

Na kama Phoenix ipo tayari nyumbani na fedha za kununua nyingine hazipo? Mwambie fundi akubadilishie meno ya nyuma. Kutoka meno 18 hadi 22 kunapunguza uzito wa kanyagio kwa karibu moja ya tano, na gharama yake ni hiyo gia ndogo pamoja na vipande viwili vitatu vya mnyororo. Haitakuwa baiskeli ya milimani, lakini kilima ulichokuwa unakishukia utakimaliza umekaa.

Mguu unaovuka fremu

Tukiwa vijana tulipanda baiskeli kwa kukimbia nayo hatua tatu, mguu ukapita juu ya keria, tukakaa. Nyonga ya miaka 60 haiupendi mchezo huo. Na mwenye mzigo hawezi kuucheza kabisa. Ukifunga gunia au kreti ya soda kwenye keria, mguu hauna pa kupita nyuma. Inabidi uunyanyue mbele, juu ya bomba la fremu, huku umesimama kwa mguu mmoja na baiskeli nzito inataka kulala upande wake. Hapo ndipo watu wazima wanapoanguka: wamesimama, hawajaanza hata kwenda.

Dawa yake ni fremu ya chini, ile tuliyoizoea kuiita baiskeli ya kike. Wanaume wengi huikataa kwa kuogopa maneno ya kijiweni. Maneno hupita, mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri huo huchukua miezi kuunga, na wengine hawarudi kutembea kama zamani. Wanawake wa makamo hawahitaji kushawishiwa. Kitenge na bomba la juu havipatani, na mama anayekwenda jumuiya Jumapili asubuhi hawezi kufika amekunjamana. Utu uzima dawa, na sehemu ya dawa hiyo ni kuacha kushindana na vijana wa kijiweni.

Upimaji wake ni rahisi. Simama kando ya baiskeli, weka kilo kumi za mchele kwenye keria, kisha panda na ushuke mara tano kwa kila upande. Ukijishika ukutani hata mara moja, fremu hiyo si yako.

Baada ya fremu, kiti. Kaa, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa: mguu unyooke bila wewe kuinama upande. Ukirudisha unyayo mahali pake goti litakunjika kidogo, na ndivyo linavyotaka. Kiti kikiwa chini mno, goti hukunjwa kupita kiasi kila mzunguko na jioni utalisikia. Hata hivyo, wiki mbili za mwanzo kishushe kidogo ili ncha za vidole zifike chini ukiwa umekaa. Mizani ya mwili ikirudi, kipandishe. Usukani uwe sawa na kiti au juu yake. Baiskeli za gia zenye usukani wa chini humlaza mtu kifudifudi, mgongo na viganja vikabeba kazi ya makalio, na shingo ikachoka kuinuka ili kuona njia.

Usisahau uzito wa chuma chenyewe. Baiskeli nyeusi ya kizamani, ikiwa na keria na stendi ya miguu miwili, hupita kilo 20. Kuna siku mvua itakukuta mbali, utaomba kuipakia kwenye gari au boti, na konda hatakuwa na muda. Kabla ya kununua, inyanyue hadi kiunoni. Ukishindwa ukiwa dukani na nguvu zako zote, barabarani utashindwa zaidi.

Kushuka

Vijana hufikiri mlima ni wa kupanda tu. Barabara zetu zinapoteremka kuelekea ziwani hufundisha vingine. Zamani, njia ilipokuwa ya vumbi na mashimo, mwendo ulijizuia wenyewe. Lami imeondoa kizuizi hicho. Baiskeli ikiachiwa kwenye mteremko mrefu wa lami hufika kwa dakika moja kasi ambayo mwenyewe hajawahi kuifikia kwa kukanyaga, na mkono wa mtu mzima hukaza breki polepole kuliko ulivyokuwa.

Breki za vyuma za baiskeli nyeusi hukamata rimu ya chuma kilichong'arishwa. Siku ya jua zinatosha. Rimu hiyo ikilowa, raba huteleza juu ya maji na unaweza kukaza mkono mzima bila kuona tofauti mpaka rimu ijifute. Mbinga kuna mvua karibu nusu mwaka, na asubuhi za ukungu juu yake. Kwa anayeshuka kila siku hilo peke yake latosha kutafuta rimu za aluminiamu, ambazo raba huzikamata vizuri hata zikiwa na maji, na breki za waya mbele na nyuma. Za diski ni nzuri zaidi kwenye tope, mradi fundi wako awe na raba zake.

Breki ya ngoma, iliyo nyuma kwenye baiskeli nyingi za Japani, ilitengenezwa kwa miji. Kwenye mteremko mrefu hupata moto, hulia, kisha hulegea. Ile ya kukanyaga pedeli kinyumenyume nayo hupata moto hivyo hivyo mpaka grisi yake ikayeyuka. Zote mbili ni sawa kwa mtaa. Kwa kushuka Umatengo, hakikisha ya mbele ni imara, kwa sababu ndiyo itakayobeba kazi kubwa.

Tumia breki kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka. Kaza, achia, kaza tena, ili rimu zipoe. Na weka kioo upande wa kulia wa usukani. Tangu uchimbaji wa makaa ya mawe uanze Ngaka mwaka 2011, malori yake yamekuwa wenyeji wa barabara ya Kitai kwenda Songea, na sikio la miaka 60 hulisikia lori likiwa limeshafika. Kioo kinakuonyesha mapema, unatoka barabarani bila kugeuza shingo na kuyumba.

Mbele ya fundi

Baiskeli nyingi zitakazokupitia mikononi ni za mtumba, na mtumba hauna kitabu cha historia. Nilimwangalia fundi mmoja mjini Mbinga akiikagua moja iliyoletwa na nesi mstaafu, na katika robo saa alifundisha zaidi ya duka zima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii nimeletewa, wanataka hela leo. Niangalizie."

"Usitoe kwanza."

Aliipindua, miguu juu. Akazungusha gurudumu la mbele na kusogeza kidole gumba karibu na rimu bila kuigusa. Rimu ilikaribia kidole, ikaondoka, ikakaribia tena. "Imepinda kidogo, hii spoki zitairudisha." Akashika krenki mbili kwa mikono miwili na kuzitikisa kwenda kushoto na kulia. Ikasikika *kde, kde*. "Gololi zimekwisha humu. Si bei kubwa, lakini waambie wapunguze." Kisha akatoa rula ya shule, akaiweka juu ya mnyororo na kuhesabu pini 24. Mnyororo mpya unapaswa kuishia kwenye milimita 305, kwa kuwa kati ya pini na pini ni nusu inchi. Huu ulikuwa umepita 308. "Umelika, mama. Na ukilika hivi umeshakula na meno. Hapo unabadilisha vyote viwili, ukibadilisha kimoja kitamla mwenzake."

Mwisho akainama kwenye shingo ya fremu, pale bomba linapoingia kwenye usukani, akaifuta vumbi kwa kitambaa na kuitazama kwa muda. Kote kwingine kunatengenezeka. Ufa mahali hapo, au chini kwenye krenki, unamaliza mazungumzo. Hapakuwa na ufa. Nesi alinunua, baada ya bei kushuka.

Jambo ambalo fundi huyo hakulisema, kwa sababu kwake ni la kawaida, huwagharimu wengi: inchi 26 haziko aina moja. Tairi la baiskeli ya Kijapani lililoandikwa 26 x 1 3/8 na la baiskeli ya gia lililoandikwa 26 x 2.10 yana rimu zinazotofautiana kwa milimita 31, na moja haliwezi kukaa kwenye rimu ya mwenzake. Ubavuni mwa tairi kuna namba nyingine ndogo: 590 kwa la Kijapani, 559 kwa la gia, 635 kwa lile la inchi 28 la baiskeli nyeusi. Hizo ndizo za kwenda nazo dukani. Na kabla hujanunua baiskeli, nenda kwenye duka la vipuri lililo karibu nawe uone ni namba ipi inaning'inia ukutani. Katika vijiji vingi ni 635, na hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote ya kuitetea Phoenix.

Tazama na mdomo wa tyubu. Baiskeli nyeusi na za Japani zina mdomo mwembamba wa kizamani; za gia nyingi zina mdomo kama wa gari, unaoweza kujazwa popote panapojazwa pikipiki. Nunua pampu inayolingana na mdomo wako na uibebe, pamoja na viraka, solusheni na vijiti viwili vya kufungulia tairi.

Kwa watu wa mwambao, angalia zaidi upana. Kwenye mchanga wa Mbamba Bay tairi la inchi mbili, likipunguzwa upepo kidogo, linapita pale ambapo jembamba linazama. Maji ya ziwa hayana chumvi, kwa hiyo kutu si adui mkubwa kama kule Mtwara au Tanga. Adui ni mchanga wenyewe. Mnyororo uliolowa oili hugeuka msasa, hivyo tia tone moja moja kwenye kila pini, kisha futa oili yote ya nje mpaka kitambaa kitoke kikavu. Kwa watu wa vijijini Umatengo, chunguza nafasi kati ya tairi na madigadi. Udongo mwekundu wa masika ukijaa hapo, gurudumu linakwama kabisa. Vidole viwili vipite pale bila shida.

Kusukuma nako ni kuendesha

Vitabu vya baiskeli vilivyoandikwa katika nchi tambarare huchukulia kusukuma kuwa ni kushindwa. Milimani kwetu, sehemu ya kila safari ni ya kusukuma, na wazee waliobeba kahawa kwa baiskeli walijua hivyo: wanakanyaga penye kukanyagika, wanasukuma penye kusukumika, na mzigo unafika. Atakayekwambia kuwa mlima wenu unapandika wote, mtazame umri wake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Basi pima pia baiskeli yako inavyosukumwa. Usukani ukiwa chini mno, utainama njia nzima. Breki ya mbele iwe inafikika kwa mkono ule ulio upande unaotembelea, maana kushuka na mzigo huku unatembea kunaihitaji kuliko kukaa juu yake. Pedeli zisikugonge muundi. Mzigo ukae chini na mbele ya ekseli ya nyuma kadiri inavyowezekana. Ukining'inia nyuma, gurudumu la mbele hunyanyuka mlimani na baiskeli inakuponyoka. Mikoba miwili ya pembeni ni bora kuliko gunia moja la juu.

Baiskeli za umeme zimeanza kuonekana nchini, na kwa mtu mzima wa milimani ni wazo zuri, ila liendane na hesabu. Kuinua kilo 100 kwa kimo cha mita 700 kunadai karibu watisaa 190, na baada ya upotevu wa mota ni kama 250. Betri ya kawaida ya volti 36 na ampea-saa 10 ina watisaa 360. Kwa hiyo inaweza kukupandisha kutoka bondeni hadi nyumbani mara kadhaa kwa wiki kabla ya kuchajiwa, lakini kutoka ziwani hadi Mbinga, pamoja na kupanda na kushuka kwingi kwa katikati, itakuachia njiani ukisukuma kilo 25. Nunua tu kama umeme wa nyumbani ni wa uhakika na yupo mtu wa kuifungua betri ikigoma.

Mwezi wa kwanza

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima, wenye miaka 65 na zaidi wakiwemo, wafanye shughuli ya wastani ya mwili kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Safari ya kwenda shambani na kurudi, nusu saa kwa siku tano, imeshatimiza. Utafiti mkubwa wa Copenhagen uliochapishwa mwaka 2000 uliwafuatilia watu 30,000 hivi, ukaona kwamba waliokwenda kazini kwa baiskeli walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa zaidi ya robo kuliko wasiofanya hivyo, hata baada ya kuhesabu mazoezi yao mengine. Copenhagen ni tambarare. Sisi tuna faida ya milima, mradi tusiianze yote siku moja.

Pima presha kabla hujaanza. Mwenye historia ya moyo, kizunguzungu, au dawa za kisukari aongee na daktari wake kwanza. Wiki ya kwanza baki kwenye uwanja wa mpira au barabara ya mtaani: kuanza, kusimama, kugeuka, kutoa mkono mmoja bila kuyumba. Asubuhi za Juni na Julai, Mbinga inapokuwa na baridi ya kung'ata, sukuma dakika tano kabla ya kupanda ili magoti yapate moto. Kipimo cha mlima ni mazungumzo: ukishindwa kumaliza sentensi, shuka. Maumivu ya kifua hayasubiri jioni.

Tukusanye sasa. Mtu wa mjini Mbinga na wa kando ya lami atafute fremu ya chini, gia tatu za ndani au gia za nje, rimu za aluminiamu, kioo na taa. Mtu wa Litembo au Maguu apuuze kila kitu kingine mpaka apate gia nyepesi yenye meno yanayokaribia kulingana, breki mbili za kweli na nafasi ya tope. Mtu wa Liuli au Lituhi anaweza kubaki na baiskeli nyeusi ya gia moja bila kuona haya, mradi meno ya nyuma yaongezwe na fremu iwe ya kuvukika. Wa kwenye mchanga achague tairi pana.

Kisha, kabla fedha haijatoka mfukoni, mwombe muuzaji akuruhusu uende nayo hadi kwenye kilima kilicho karibu, ukiwa na mzigo wako wa kawaida, upande, ushuke, usukume na urudi. Mwachie kitambulisho au mwanao kama dhamana. Akikataa, nenda duka la pili. Mbinga haina uhaba wa vilima, na asiyetaka baiskeli yake ipimwe kwenye kilima anajua kwa nini.